Safari ya Siku Moja: Ziwa Ngozi na Maporomoko ya Kaporogwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa heshima ya kuwaeleza habari za safari waliyoifanya wanachama tisa wa chama chetu, kutoka Mbeya kwenda Ziwa Ngozi, na kutoka huko kwenda Maporomoko ya Kaporogwe, na kurudi siku ile ile. Sisi tunaoyasoma maneno haya tulikuwamo katika wale tisa. Hatukuchaguliwa kwa kuwa ni wasemaji hodari. Tulichaguliwa kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na daftari mfukoni. Basi twaomba mtuvumilie. Katika safari ile yamo mambo mengi ya kupendeza, na limo jambo moja la aibu, na sote tisa tumekubaliana kwamba la aibu nalo lisomwe.

Tuliondoka Mbeya siku ya Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika gari la kukodi. Baridi ya mwezi wa Agosti katika milima ile yajulikana. Wenzetu wawili waliozaliwa pwani walijifunika mablanketi mpaka machoni, wala hawakusema neno mpaka jua lilipotoka. Baada ya Uyole barabara huanza kupanda Milima ya Uporoto, na huko tuliona mashamba ya viazi na kabichi yamepanda pamoja nasi hata juu, na akina mama wakilima wakati ambapo sisi tulikuwa bado twapiga miayo. Ghafula, katika pindo moja la njia, tuliuona Mlima Rungwe umesimama peke yake kusini, wenye urefu wa mita 2,961, na wingu jeupe limekaa juu yake kama kofia.

Kabla hatujapanda Ngozi, yafaa tuseme kidogo kwa nini nchi ile ina milima ya moto. Lile Bonde la Ufa, ambalo kila mmoja wetu alilichora shuleni, lina matawi, na matawi yake hukutana katika sehemu hizi zetu: moja huja kutoka upande wa Ziwa Rukwa, moja kutoka Usangu, na moja hushuka kwenda Ziwa Nyasa. Mahali nchi ilipopasuka mara tatu ndipo moto wa chini ulipopata njia ya kutokea. Wataalamu huhesabu milima mitatu ya huko kuwa haijazeeka, nayo ni Ngozi, Rungwe na Kyejo. Rungwe ulilipuka kwa nguvu nyingi yapata miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi yenye matundu mbali sana na mahali pake. Udongo ule mweusi unaowapa watu wa Tukuyu ndizi, chai na kahawa ni zawadi ya moto huo, pamoja na mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu wa Dodoma akisikia hesabu hiyo ya mvua hudhani karani amekosea kuandika.

Kyejo nao ndio wa mwisho kutoa mawe yaliyoyeyuka, yapata mwaka 1800. Tafadhalini uangalieni mwaka huo. Wamisheni wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla yao hapakuwa na ofisi, wala jalada, wala karani wa kuandika tarehe. Habari ya moto ule ilishikwa na wazee, wakawapa watoto, na watoto wakawapa wajukuu, hata wataalamu walipokuja waliikuta bado yasimuliwa. Jambo hili hatukulifikiri tulipokuwa tukienda. Tulilifikiri tulipokuwa tukirudi.

Saa moja na nusu tulikuwa chini ya Ngozi. Katika kijiji cha pale tulitafuta kiongozi, tukaonyeshwa mzee mmoja, mwembamba, mwenye koti la zamani na panga, na kamba ya kufungia kuni begani. Tulimwamkia kwa heshima, naye akatuitikia kwa heshima iliyozidi yetu. Tukamwuliza ujira wake. Akasema, “Shilingi 30,000, mabwana, kupanda na kushuka.”

Hapa ndipo lilipoanza jambo la aibu. Mweka hazina wetu wa safari akatoa karatasi ya makisio, akasema kwamba katika karatasi ile kiongozi ameandikiwa 15,000. Mzee akasema njia ni mbaya. Sisi tukasema tu watu tisa, tena wenye miguu, na njia iko wazi, maana watalii huipita. Mmoja wetu akasema hata bila kiongozi twaweza kwenda. Tulijadiliana naye karibu nusu saa. Mwishowe akatazama mbingu, akasema, “Haya, twendeni kabla ukungu haujarudi.” Tukafurahi, tukampongeza mweka hazina wetu. Na jambo hili twalisema waziwazi: wiki mbili kabla ya siku ile, mkutano huu huu ulikuwa umepitisha barua kwa wakubwa kuhusu posho ya safari, na ndani ya barua ile tulieleza kwa maneno mazuri sana kwamba mtu hulipwa kwa kazi yenyewe ilivyo, wala si kwa makisio ya mtu aliyekaa ofisini. Barua ile wengi wetu tisa tulikuwa tumeitia sahihi.

Njia ya Ngozi huanza polepole kati ya mashamba, kisha huingia msituni, na msituni hugeuka kuwa ngazi ya mizizi. Miti ni mikubwa, na katikati yake imo mianzi na migomba ya mwitu yenye majani mapana kuliko mlango. Udongo huteleza hata wakati wa kiangazi, kwa maana jua haliufikii. Mzee alikwenda mbele bila kuhema. Sisi tulikwenda nyuma yake tukihema kwa sauti, na ule mlio wa viatu vyetu vya ofisini ulikuwa wa kuchekesha. Kila alipoona tumechoka alisimama yeye kwanza, akajifanya anatazama mti fulani, ili tusione haya kwa kupumzika. Adabu hii tuliitambua baadaye.

Katika kupumzika huko alituonyesha Rungwe kwa mbali, akasema kwamba msituni mule yuko mnyama aitwaye kipunji. Yamkini wengi wenu mmesikia habari zake. Ni nyani mwenye manyoya marefu, hukaa juu mitini, na mlio wake haufanani na wa wengine. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina lake siku zote. Wataalamu walipoambiwa hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi, mpaka walipomwona kwa macho mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka 2006 akapewa kabila lake peke yake katika vitabu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Mzee alipokwisha kusikia sisi tukimweleza miaka hiyo, maana sisi ndio tuliokuwa tukiijua, akasema tu, “Ndiyo. Babu yangu alimfukuza sana katika mahindi.”

Saa tatu na nusu tulifika ukingoni. Ukungu ulikuwa umejaa, na kwa muda hatukuona kitu ila weupe. Mwenzetu mmoja akaanza kunung’unika kwamba tumelipa ili kutazama maziwa ya kopo. Kisha upepo ukaja kutoka upande wa mashariki, ukungu ukainuka kama pazia la mlango, na ziwa likawa chini yetu.

Hatuwezi kulieleza vema. Hesabu zake twaweza: urefu wake yapata kilomita mbili na nusu, upana wake kilomita moja na nusu, na limo katika shimo lenye kuta zilizosimama wima karibu pande zote, zimefunikwa msitu toka juu hata majini. Shimo hilo si la kuchimbwa. Zamani, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mlima ulitoa nje vitu vyake vya ndani kwa mlipuko, tumbo likawa tupu, na kipaa kikaangukia ndani, kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Mvua ikajaza. Tena hiyo haikuwa mara yake ya mwisho, maana yako majivu ya Ngozi ambayo wataalamu huhesabu kwamba hayajapita miaka 1,000. Mto utokao ziwani haupo. Maji hujipenyezea chini kwa chini. Watu husema kwamba ukilitazama kutoka juu lina umbo la bara letu la Afrika, na kweli, ukitaka kuona hivyo utaona. Maji yake yalikuwa ya kijani mahali penye jua, na meusi penye kivuli, na hapakuwa na sauti yoyote. Sisi tisa, watu wa maneno mengi, tulinyamaza.

Mzee akasema, “Hapa hatupigi kelele, wala haturushi jiwe. Na leo hatushuki majini.”

Tulimwuliza sababu. Akasema njia ya kushuka imelowa, na mvua ya juzi imekata mizizi mahali pawili. Akaongeza kwamba hata siku nzuri watu hawakai chini kule wakati upepo umelala; baba yake alimwambia asilale mahali pa bondeni karibu na maji, wala asilaze mbuzi huko, kwa kuwa mahali pengine katika nchi ile ndege na panya hukutwa wamekufa bila jeraha. Hapo baadhi yetu tulicheka. Tulicheka kwa adabu, kwa kuziba mdomo, lakini aliona.

Wanachama wenzetu, jambo lile la kucheka lilitusumbua, hata tuliporudi tulisoma. Katika nchi ya Rungwe hewa ya ukaa hutoka ardhini mahali pengi. Huko karibu na Kyejo ni nyingi hata hukusanywa na kutiwa katika mitungi kwa ajili ya viwanda vya soda. Wataalamu waliolipima Ziwa Ngozi wamekuta hewa hiyo hiyo ikipanda kutoka chini ya maji. Hewa hii haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hukaa mahali pa chini kama maji yakaavyo, na pasipo upepo wa kuitawanya aliyelala ndani yake haamki. Waswahili wa Goma, kule Kongo, wana jina lake, huiita mazuku. Na huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, ambalo nalo limo katika shimo la volkeno, liliitoa kwa wingi mara moja, wakafa watu wapatao 1,700 wakiwa majumbani mwao, na ng’ombe wao pamoja nao. Hatusemi kwamba Ngozi litafanya hivyo. Twasema kwamba maneno ya yule mzee tuliyoyachekea yalikuwa maneno ya kweli, na kwamba yeye alikuwa ameyapata bila kitabu.

Turudi ukingoni. Tulipokuwa tukifungua vyakula, wenzetu wawili walitoweka. Mmoja ni kijana wa masijala, ambaye siku zote hutaka kuona mwisho wa kila kitu. Wa pili alimfuata, asema, ili amrudishe. Hatukujua habari hata tuliposikia mti ukivunjika chini yetu na sauti ikiita. Wa pili akarudi akikimbia kwa mikono na miguu. Akasema mwenzake ameteleza, ameanguka kama urefu wa nyumba mbili, na sasa ameshika kishina cha mwanzi, na mguu wake haukubali.

Wote tuliinuka, na wote tulianza kusema. Mmoja alisema tupige simu, mwingine alisema turudi kijijini, na mwingine alimlaumu mweka hazina, kwa jambo gani hatujui. Mzee hakusema. Alifungua kamba yake ya kuni, akafunga ncha moja katika shina la mti, akaijaribu mara mbili kwa uzito wa mwili wake, akavua viatu, akashuka. Sisi tulishika kamba kwa juu kwa kuwa alituambia tushike, ingawa kwa hakika mti ndio uliokuwa ukifanya kazi. Alikaa huko muda ambao ulikuwa mrefu sana kwetu. Tulisikia sauti yake ikisema na kijana polepole, kama mtu anayesema na ng’ombe aliyeogopa: weka mguu hapa, sasa shika hapa, usitazame chini, mwanangu, nitazame mimi. Alipotokea, kijana alikuwa mgongoni pake, amefungwa kwa koti lile la zamani.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka na kuvimba kama embe. Mzee alikata mianzi miwili, tukatia makoti yetu, tukafanya machela, tukaanza kushuka. Kupanda kulikuwa kumetuchukua saa moja na nusu. Kushuka na machela kulituchukua saa tatu. Sita kati yetu tulibeba kwa zamu, na katika kila zamu yeye alikuwamo.

Chini, saa nane mchana, tulimzunguka yule mzee, tukatoa shilingi 15,000 tulizopatana, kisha mmoja wetu akasema kwamba kwa wema wake tumpe bahashishi nzuri, achague mwenyewe. Tulidhani atataka 50,000, nasi tulikuwa tayari kukopa. Akahesabu zile alizopewa, akasema, “Nimebakiwa na 15,000.”

Tukasema, “Mzee, omba zaidi, umemwokoa mtoto wetu.”

Akajibu, “Sikuomba, mabwana. Nilisema 30,000 kwa kuwa naijua njia ile kuwa ni ya 30,000. Nikienda na watu hushuka mtu, kila mwaka hushuka mtu. Ninyi mliona njia, mimi nilihesabu na kurudi kwake.” Kisha akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, “Ninyi serikalini hulipwa kazi ikiisha, au hupatana kwanza?”

Hakuna aliyejibu. Dereva wa gari ndiye aliyetoa 15,000 mfukoni mwake, maana fedha za mweka hazina zilizobaki zilikuwa za mafuta. Tukampa mzee. Akatuaga, akamwambia kijana aukande mguu kwa maji ya chumvi, akachukua kamba yake.

Tuliteremka mpaka Tukuyu, kijana akafungwa vizuri hospitalini, akaambiwa hakuvunjika. Tulitaka kurudi Mbeya, lakini yeye mwenyewe alikataa; alisema kwamba ikiwa kwa ajili yake hatutayaona maporomoko, basi heri tungalimwacha mwanzini. Tukaenda. Njia ya kwenda Kaporogwe hupita katikati ya migomba na mashamba ya chai, na nyumba zake ni safi, nyua zimefagiwa hata njiani. Tulifika saa kumi na moja jioni.

Mto wa pale waitwa Kala. Huja taratibu kati ya majani kama mto wowote mdogo, hata ukishangaa ni nini tulichokifuata. Ghafula hukuta mwisho wa jiwe gumu, nalo ni lava ya zamani iliyoganda, na maji yote huanguka mara moja katika shimo pana la kijani. Nyuma ya maji liko pango, na kinjia kinachoingia humo, hata mtu husimama na kuyaona maji yakipita mbele yake kama ukuta wa kioo. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walijificha humo katika vita vya 1914 hadi 1918. Tuliingia watano. Ngurumo ilikuwa kubwa, hata mtu hasikii aliye karibu naye, na nguo zetu zililowa kwa dakika moja. Kwa nje jua lilikuwa likitua, na mwangaza wake ulipita ndani ya maji ukawa wa rangi ya asali. Wale wawili wa pwani walivua viatu wakakaa juu ya jiwe, wala hawakutaka kuondoka. Kijana wetu alikaa juu ya mkeka kule ukingoni, mguu umeinuliwa juu ya sanduku la vyakula, akatuita kila mara tumweleze ndani kuna nini.

Tulirudi Mbeya saa nne usiku. Garini hapakuwa na nyimbo kama asubuhi. Mmoja alisoma kwa tochi ile nakala ya barua yetu ya posho, akaikunja, akaitia mfukoni.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, hesabu ya safari iko mezani pako. Gari na mafuta ni kama ilivyokisiwa. Vyakula vilipungua makisio, maana hatukupata nafasi ya kuvila. Katika mstari wa kiongozi mtaona 15,000 imekatwa kwa wino na juu yake imeandikwa 30,000. Mweka hazina asema kwamba kwa kanuni za chama matumizi yasiyopitishwa kwanza hayalipwi, na amesema kweli. Kwa hiyo sisi tisa tumechanga wenyewe, na dereva amekwisha lipwa. Tunaloliomba kwa mkutano ni moja tu. Safari ijayo ni ya Daraja la Mungu, ambalo ni jiwe la lava lililopita juu ya Mto Kiwira, na Kijungu, mahali mto ule ule unapozunguka katika shimo kama mchuzi chunguni. Makisio yake yatafanywa wiki ijayo. Twaomba mstari wa kiongozi uachwe wazi mpaka kiongozi mwenyewe aulizwe. Orodha ya majina imebandikwa mlangoni, na jina la kwanza limekwisha andikwa na yule mnayemwona pale nyuma na fimbo yake.